Nilivyopeleka Jua Bondeni kwa Mama Mkwe

Sababu ya safari ilikuwa bega. Si bega langu, maana langu halijawahi kubeba kitu kizito kuliko begi la madaftari, bali bega la kulia la mama mkwe wangu, mama Skola wa Mbande, kule Temeke. Miaka mingi amelima mchicha katika bonde lililo nyuma ya nyumba yake, akimwagilia kwa keni, zile ndoo za bati zenye mdomo mrefu na kichwa cha matundu. Keni moja kulia, moja kushoto, kutoka kisimani hadi kwenye matuta na kurudi. Mwezi wa tano bega likagoma. Daktari akamwambia apumzike kubeba maji, na yeye akamuuliza daktari kama mchicha nao utapumzika kunywa.

Tatizo lilizidi bega. Ardhi ya bonde lile si mali ya wanaoilima. Mwenyewe yuko mbali, kawaachia walime tu, na wakulima wamejiwekea kanuni: tuta likikaa kavu, anapewa mwingine mwenye nguvu za kulinywesha. Mama Skola alikuwa na matuta ishirini na manne, na kumi yalikuwa yameshakauka. Msimamizi wa bonde, Bwana Issa, alimwambia kwa upole kwamba Jumatatu atapita kukagua, na litakalokuwa kavu atalitoa. Mama hakubisha, kwa sababu kanuni hiyo alishiriki kuitunga. Lakini matuta yale ndiyo yaliyomlisha na kuwasomesha watoto wake wote, na bila hayo asingejua asubuhi aamkie nini.

Haya alinieleza mke wangu, Skola, tukiwa mezani kwetu Madale. Yeye alitaka tumtafutie mama mtu wa kumsaidia kumwagilia. Mimi nikanyanyua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu. Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari, tena ni Mpare, na Mpare akisikia mahali pana tatizo la kutoa fedha kila mwezi, akili yake huchangamka ghafla. Nikasema jibu ni pampu ya sola. Unanunua mara moja, jua linafanya kazi bure, mafuta hununui, kibarua hulipi. Nikamweleza Skola habari za mionzi na mstari wa ikweta mpaka chai yake ikapoa.

Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Umemuuliza mama anamwagiliaga saa ngapi?"

Nikamwambia hayo ni mambo madogo madogo.

Jumatano nilikwenda Kariakoo kununua vifaa: paneli mbili, pampu ya kuzamisha kisimani, waya na mpira mrefu wa maji. Muuzaji, mtu mpole mwenye miwani, aliniuliza kama nina tenki. Nikamjibu kwamba maji yako kisimani tayari, ya nini tena kuyahamishia kwenye tenki? Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kufunga mzigo wangu. Leo nikikumbuka jinsi alivyonitazama, naona aibu hata nikiwa peke yangu.

Alhamisi, saa moja asubuhi, tuliondoka Madale. Nilikodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, na dereva wake aliitwa Method. Paneli tulizilaza nyuma juu ya godoro kuukuu, na pampu nikaipakata mapajani. Tukateremka vilima vya Madale taratibu, mimi nikipiga kelele kila tulipofika kwenye shimo. Method aliniuliza kama kilichomo ndani ya boksi ni mtoto mchanga. Nikamweleza pampu ni nini na itafanya nini huko niendako, na maelezo hayo yakatufikisha Ubungo. Alipoongeza sauti ya redio nilidhani anapenda ule wimbo.

Saa tatu tulikuwa Buguruni. Method alitaka supu, nami nikabaki kulinda mzigo kando ya soko. Karibu yangu alikaa mama mmoja akifunga mchicha mafungu mafungu, majani bado yanadondosha maji. Kwa kuwa sasa nilijiona mtaalamu wa mboga, nikamuuliza anautoa wapi. Akasema huko huko Mbande na Chamazi, anakonunua tuta zima likiwa bado limesimama, kisha analing'oa mwenyewe kabla hakujapambazuka.

"Mchicha ukishapigwa na jua si mchicha tena, braza," alisema. "Yote yanafanyika alfajiri na jioni. Mchana bondeni hukuti mtu."

Nikamshukuru na kumwambia kwamba siku si nyingi mambo yatabadilika. Nilikuwa nimeambiwa kila kitu nilichohitaji kujua, tena bure, nikiwa nimeketi juu ya mashine isiyofanya kazi bila jua. Lakini mwalimu amezoea kusema, si kuambiwa, kwa hiyo maneno yale yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Saa sita mchana tulifika Mbande. Mita chache kabla ya nyumba ya mama kirikuu kikazama kwenye mchanga, na mchanga wa kule hauna mzaha. Nikashuka kusukuma nikiwa na viatu vya kazini. Mama Skola alitupokea kwa mbali kidogo, kama ilivyo heshima yake kwangu siku zote, mkono wa kulia ameufunga kwa kanga shingoni na wa kushoto ameshika ungo. Katika miaka kumi na miwili ya kuwa mkwe wake sijawahi kumkuta mikono mitupu. Kila mara ana keni, au jembe, au kisu na fungu la kisamvu, na hunisalimia huku akiendelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mwalimu. Naona umekuja na milango."

Nikamweleza kwamba si milango, ni paneli. Akaagiza kuku achinjwe, nami nikala nikiwa nimenyoosha mgongo, kama mtu aliyekuja kuokoa familia.

Mchana huo huo, Method alipokwisha kuondoka, nilishuka bondeni kufunga mitambo. Mahali pazuri pa paneli palikuwa kichwani mwa matuta, sehemu iliyoinuka isiyo na kivuli, ila palikaa pipa moja la plastiki, limekatwa mdomo, nusu lina maji. Nikayamwaga maji, nikalisukumia pipa vichakani. Mama alikuwa amesimama pembeni. Aliliangalia pipa, kisha akaniangalia mimi.

Jioni nikaenda kumwona Bwana Issa. Ni mtu wa makamo, mkavu wa maneno, anayetembea pekupeku bondeni hata wakati wa baridi. Yeye ana pampu ya petroli na hujivunia kelele zake. Nikamwomba awaite wakulima wote waje kushuhudia. Akaniuliza saa ngapi. Nikamuuliza saa ngapi watu wote huwa bondeni. Akasema saa kumi na mbili kamili asubuhi wote wapo.

"Basi saa kumi na mbili kamili," nikasema, nikamkazia mkono.

Ijumaa, saa kumi na mbili kamili asubuhi, mwezi wa sita, katika bonde la Mbande, kulikuwa na giza. Nawaomba wasomaji wangu mtulie hapo kidogo. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha pili nikieleza kwa nini mwezi wa Juni jua la kwetu linachelewa kuchomoza. Nina mchoro wake kabisa, nauchora kwa chaki za rangi. Na bado nilisimama mbele ya wakulima kama thelathini wenye keni mikononi, nikatoa hotuba kuhusu nguvu za jua, nikabonyeza swichi.

Hapakutokea kitu. Nikabonyeza tena. Mtu mmoja akakohoa. Nikawaambia wasubiri kidogo, nao wakasubiri kwa adabu, huku mbingu ya mashariki ikianza kuwa kijivu na mawingu ya kipupwe yametanda. Upande wa pili pampu ya Bwana Issa ilikuwa inanguruma, maji yanaruka.

"Ya kwangu mie haiulizi jua limeamka saa ngapi," alisema, na watu wakacheka, wakaenda kwenye matuta yao.

Mama Skola hakucheka. Alichukua keni moja kwa mkono wa kushoto akashuka kisimani. Nikamfuata nimpokee, akaniambia nipumzike, nimetoka safari.

Saa sita mchana jua lilitoka kwelikweli. Ilikuwa siku ya Ijumaa, Bwana Issa na wengi wa wakulima walikuwa msikitini, waliobaki wamelala majumbani mwao, na mama alikuwa jikoni. Nikaenda bondeni peke yangu, nikabonyeza swichi, na pampu ikaamka. Ndugu zangu, yalikuja maji. Mpira ulinitoka mkononi ukarukaruka kama chatu aliyekanyagwa mkia. Nikaukamata, nikaugeuzia kwenye matuta ya mama, nikamwagilia kwa fujo na furaha, nikiimba, nimelowa hadi kiunoni. Nilimwagilia matuta matano kabla sijatazama chini nione ninachokifanya.

Mchicha ulikuwa umelala. Mchicha mchanga una mizizi mifupi na shina laini. Unataka maji yanayoanguka kama manyunyu, ndiyo maana keni ina kile kichwa chenye matundu. Mimi niliuchapa kwa mpira. Matuta mawili yalilala chali kabisa, na moja lililokuwa limetoka kupandwa mbegu lilisombwa lote hadi kwenye mfereji. Tuta moja kati ya yale mawili lilikuwa limeshaahidiwa kwa mnunuzi mwingine wa Buguruni. Alipokuja jioni aliliangalia, akasema hanunui mchicha wenye matope, akaenda kwa jirani.

Nilitaka kuiwasha pampu tena ile jioni niyaokoe yale makavu, lakini kufikia saa kumi na moja jua lilikuwa limelegea, na maji yalitoka kwa kudondoka. Nikakaa juu ya jiwe. Sikuwa na hamu ya kucheka wala kuelezea mtu kitu. Nilikuja kuokoa matuta kumi, na sasa yanayohitaji kuokolewa yalikuwa kumi na matatu.

Usiku ule tulikula ugali na mchicha. Ulikuwa mwingi sana, na mama alikuwa ameuosha mara nyingi, lakini mchanga haukuisha wote. Niliutafuna nikijua kila jani lilitoka wapi.

Jumamosi mimi huwa sifanyi kazi. Nililelewa kanisa la Wasabato, na sabato kwetu si jambo la kujadiliwa hata mchicha ukiungua. Nilitafuta kanisa la jirani, nikasali, na sala yangu ilikuwa fupi na ya wazi: nilimwomba Mungu anipe njia ya kurudi Madale bila kupita mbele ya Bwana Issa. Saa saba nilikuwa nimerudi, nimekaa kibarazani, mkono chini ya shavu. Mama alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja. Nadhani alinionea huruma, maana alianza kunipigisha stori, jambo asilolizoea.

Akaniuliza kwetu Upareni tunalima nini. Nikamwambia mahindi, maharage, tangawizi. Akauliza mvua ikikosekana tunafanyaje. Basi hapo nikafufuka. Hakuna Mpare asiyependa kueleza habari za ndiva. Nikamwambia milimani kwetu kila ukoo ulikuwa na ndiva yake, bwawa dogo la udongo lililochimbwa juu ya mashamba. Kijito ni kidogo, ukikielekeza shambani moja kwa moja maji hayafiki mbali. Kwa hiyo usiku, watu wakiwa wamelala, mfereji unaingiza maji ndivani, na asubuhi ndiva inafunguliwa, maji yanashuka kwa nguvu, watu wanamwagilia kwa zamu. Nikamwambia mimi mwenyewe nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuziba ndiva ya babu jioni kwa majani ya mgomba na udongo, na kwamba niliichukia kazi ile, nikasoma kwa bidii ili niikimbie.

"Siri ya ndiva, mama, ni kwamba maji yanakuja wakati ambao watu hawayahitaji," nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani. "Kwa hiyo unayaweka mahali, mpaka wakati wanapoyahi..."

Nikanyamaza.

Mama aliendelea kuchambua mchele. "Endelea, Mwalimu."

Nikageuza macho kuelekea bondeni.

"Hiyo mashine yako," aliuliza bila kuinua macho, "inaleta maji saa ngapi?"

"Saa sita, mama."

"Na mie namwagilia saa ngapi?"

"Alfajiri. Na saa kumi na moja."

"Haya."

Akapepeta ungo. Kisha, kwa upole ambao ulinichoma kuliko kama angenigombeza, akaniambia habari za lile pipa. Tangu bega liharibike hakuweza tena kubeba keni mbili kwa haraka jioni kama wenzake. Kwa hiyo mchana, saa sita, wakati bonde zima limelala, alikuwa akishuka kisimani na keni moja ya mkono wa kushoto, anateka kidogo kidogo na kujaza pipa, ili jioni asipande kutoka mbali. Hivyo ndivyo alivyoyaokoa yale matuta kumi na manne yaliyobaki. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nilipolihamisha.

"Wewe ni mkwe," alisema. "Na ulikuwa na mipango."

Nimewahi kuaibika maishani. Nimewahi kusahihisha mtihani kwa majibu ya mtihani mwingine. Lakini sijawahi kuaibika kama kwenye kile kibaraza. Bwawa nililolelewa kando yake nililisahau nyumbani, na pipa lililokuwa mbele ya macho yangu nililisukumia vichakani.

Nikaomba jembe. Halafu nikakumbuka ni Jumamosi. Nikamwambia mama kwamba nitachimba kesho. Akaniambia kesho ni Jumapili, yeye atakuwa misani, lakini nisijali.

"Jembe langu halina dhehebu."

Jumapili, kabla kengele ya misa ya kwanza haijalia, nilikuwa kichwani mwa matuta nachimba. Nilizihamisha paneli, nikapima shimo la hatua nne kwa tatu, kina cha kunifika magotini. Kufikia saa mbili viganja vyangu vilikuwa na malengelenge manne. Wakulima waliokuwa wanamaliza kumwagilia walisimama kunitazama, wakaulizana kama mwalimu anachimba choo. Mimi nikawajibu kwa kifupi, na nadhani hilo liliwashtua zaidi kuliko shimo lenyewe.

Saa nne jua lilikuwa limepanda. Nikawasha pampu, maji yakaingia shimoni, mekundu, mazuri, nikasimama na mikono kiunoni. Yakafika kwenye vifundo vya miguu, yakaacha kupanda. Nilipozima pampu yakaanza kushuka, na baada ya muda mfupi nilikuwa nimesimama kwenye shimo kavu lenye mchanga uliolowa. Udongo wa Upareni ni mfinyanzi, unashika maji. Udongo wa Temeke ni mchanga, na mchanga hauwekewi akiba.

Bwana Issa alikuwa amechuchumaa ukingoni. "Mwalimu, huko chini umepanda nini?"

Nilikaa ndani ya shimo langu, nikawa nafikiria kesho. Kesho yeye atapita, matuta yatatoka, na mama atanisindikiza kwa heshima zote.

Mama alirudi kutoka misani bado amevaa kitenge chake cha Jumapili. Alisimama ukingoni akatazama shimo, akatazama mchanga, akageuka kwenda nyumbani. Aliporudi alikuwa amefuatana na wanawake wawili wa kikundi chao cha kusaidiana, wamebeba turubai. Ni lile turubai la kikundi, zito, la buluu, walilokuwa wakilifunga kwenye misiba mpaka lilipochanika pembe moja wakanunua jingine. Wakalitandaza shimoni, pembe iliyochanika wakaielekeza juu, wakakandamiza kingo kwa matofali. Hakuna aliyeniuliza chochote. Nikawasha pampu.

Saa nane shimo lilikuwa limejaa pomoni.

Kilichobaki ni kuyateremsha maji bila kuuua mchicha. Nilichovya ncha moja ya mpira shimoni, nikanyonya ncha ya pili ili maji yaanze kushuka yenyewe, na nikameza funda zito la maji ya kisima, kwa manufaa ya watazamaji. Yakashuka, lakini bado kwa mkondo unaochapa. Mama akanyoosha mkono akachukua keni yake ya kulia, ile ambayo haikuwa imeguswa tangu mwezi wa tano. Akakichomoa kile kichwa cha matundu, akakivalisha kwenye ncha ya mpira, akanipa kipande cha tyubu ya baiskeli nikikaze. Maji yakatoka kama manyunyu. Akaushika mpira kwa mkono wa kushoto na kutembea kati ya matuta polepole, na jioni ile, matuta kumi na matatu yakanywa.

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza lile lile la Ijumaa. Paneli zilikuwa zimelala. Lakini shimo lilikuwa na maji hadi nusu, na mama alifungua mpira akamwagilia tena bila kusubiri kitu chochote kichomoze.

Bwana Issa alikuja kukagua. Hakagui kwa macho. Anapita juu ya ukingo wa kila tuta na kulikanyaga kwa kisigino, maana anasema jicho linadanganywa na umande ila unyayo haudanganyiki. Mimi nilibaki kisimani. Alianza tuta la kwanza. Hakuruka hata moja. Lile lililosombwa mbegu alisimama juu yake muda mrefu. Kisha akaendelea mpaka mwisho.

"Ishirini na manne," alimwambia mama Skola. "Yote yako."

Akatoka bila kuniaga, akafika karibu na paneli, akarudi. Alikuwa anakuna ndevu.

"Mwalimu, hiyo ndiva yenu inatakiwa kina gani? Na turubai la aina ile nyie mnalipata wapi?"

Nilikuwa na jibu la dakika arobaini. Nilijizuia. Nikamuuliza kwanza yeye kisima chake kiko umbali gani na matuta, na anamwagilia saa ngapi. Tukakaa tukazungumza kama watu wazima. Alikiri kwamba mafuta ya petroli yanamla, na kwamba ameshawahi kusikia sola lakini kila anayekuja kuisifia huja mchana na kuondoka mchana. Kabla ya saa tatu majirani watatu walikuwa wamekubaliana kuchimba mashimo yao na kuitumia pampu ya mama kwa zamu, kila mmoja na saa yake, baada ya la mama kujaa. Sikuwaambia kwamba babu yangu angeipanga zamu ile hivyo hivyo.

Nilipogeuka, mama Skola alikuwa amesimama katikati ya matuta yake. Mpira ulikuwa umefungwa, keni ziko chini, hakuna kilichobaki kubebwa. Aliuweka mkono wa kushoto kiunoni, akautoa. Akaushika mkono uliofungwa na kanga, akauachia. Nikaona hajui autie wapi. Nikaangalia pembeni, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanataka kunitia aibu mpya, na za wiki ile zilikuwa zinatosha.

Saa nne Method alikuja kunichukua. Alipoviona viganja vyangu aliniuliza kama mtoto alizaliwa salama. Nikamwambia amezaliwa, ila wakunga walikuwa wengine. Mama alinifungia kuku wawili na kisamvu, akanisindikiza hadi kwenye gari, karibu kuliko alivyowahi kunisindikiza. Nikamwambia nitarudi mwezi ujao kuangalia pampu. Nilikuwa nimeshaweka mguu ndani ya gari, nikautoa.

"Mama, nije saa ngapi?"

Aliniangalia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Njoo saa sita," alisema. "Saa sita mie sina kazi."

Njiani tulipita Buguruni. Yule mama wa mchicha alikuwepo, nikanunua mafungu mawili na kumuuliza maswali mengi, na safari hii nikasikiliza majibu. Jioni nikampigia simu baba yangu Upareni, nikamsimulia. Akasema alinisomesha nikimbie ndiva, na elimu yote ile imenipeleka Temeke kuchimba nyingine. Alikuwa na haki. Nilichojifunza ni kidogo na kingeweza kujifunzwa bila kukodi kirikuu: kabla hujampelekea mtu jua, muulize siku yake inaanza saa ngapi, na kabla hujasogeza pipa lake, muulize linafanya nini pale.

Skola alinisikiliza mpaka mwisho huku akinitumbua malengelenge kwa sindano. Nilidhani atanicheka niliposimulia ile Ijumaa, na alinicheka, sana. Lakini nilipofika kwenye neno la mwisho la mama pale garini, aliacha sindano. Akaniomba nilirudie. Nikalirudia.

Kisha akasema kwamba tangu azaliwe hajawahi kumsikia mama yake akitaja saa ambayo hana kazi.